Fundi, Umepima ama Unakisia?

Sawa wasee, leo naongea kitu ambacho kitaudhi watu kadhaa wa gereji. Wacha kiwaudhi tu.

Ukienda hospitali hapa Kitale useme kichwa kinauma na unaona kizunguzungu, hakuna daktari atakuangalia usoni tu akwambie, "Wewe una presha, lete 80,000." Atakufunga kile kitambaa kwenye mkono, atapiga pampu, atasoma namba. Hata nyanya yangu, ambaye hakukaa darasani sana, anajua presha ni kitu cha kupimwa. Ukimwambia jirani ana presha, swali lake la kwanza ni, "Ilikuwa ngapi juu ya ngapi?"

Sasa mbona gari ikianza kuvuja oili tunakubali kuambiwa "presha iko juu" na mtu ambaye hajapima kitu chochote?

Msimamo wangu ni huu: fundi ambaye hajapima presha, na hajakuonyesha kwa kidole mahali oili inatokea, bado hajapata ugonjwa. Anakisia. Na makisio hayalipiwi bei ya injini.

Hii si stori ya kusikia. Khocha wangu, yaani kaka ya mathe, ana Probox. Si gari ya kupiga nayo picha. Ni gari ya kazi. Mara mbili kwa wiki anapakia viazi na kabichi hapa Kitale, anashuka Kiminini mpaka Kamukuywa, anakata Kimilili, anapitia Chwele, anaingia Bungoma. Akirudi amebeba vitunguu na ndizi. Hiyo gari ndiyo inalisha nyumba, na ndiyo ilikuwa inatafuta karo ya binti yake aliyekuwa anangoja kuripoti chuo.

Asubuhi moja mwaka jana akapata doa jeusi chini ya gari, ukubwa wa sahani. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akaona imeshuka karibu na alama ya chini. Akaongeza kidogo, akaendelea na safari. Wiki iliyofuata doa likawa kama sinia.

Fundi wa kwanza hakufungua kitu. Alisema oili ni nyepesi mno, gari inataka nzito. Akamwaga 5W-30, akaweka 20W-50. Kwa siku mbili doa likapungua, khocha akafurahi, akaanza kuambia watu amepata fundi. Siku ya tatu oili ikaanza tena kudondoka, na sasa hata filta ilikuwa na unyevu kwenye shingo. Asubuhi injini ikawa inawaka kwa kuguna, kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha.

Fundi wa pili alisikiliza, akainama, akaona oili imelowesha injini mbele na chini. Akafuta mikono na kitambaa, akatoa hukumu: "Mzee, presha ya oili iko juu sana, ndiyo inasukuma oili nje. Hii injini imekwisha. Tafuta 80,000 nikuletee ya mtumba kutoka Japani."

Nilikuwa hapo. Nikamuuliza presha yenyewe ni ngapi. Akaniangalia kama nimemuuliza umri wa mama mkwe wake.

Na khocha alikuwa nazo, hizo 80,000. Zilikuwa za chuo.

Hebu tusimame hapo kidogo, kwa sababu ile sentensi ya fundi wa pili ina makosa mawili. Ukiyajua, hata kama hujawahi kushika spana, hutapelekwa mbio tena.

Kosa la kwanza: hangeweza kujua. Gari nyingi ndogo tunazoendesha huku, Probox, Vitz, Fielder, hazina geji ya presha ya oili kwenye dashibodi. Ziko na taa tu, ile nyekundu yenye picha ya kopo la oili. Na hiyo taa huwaka presha ikiwa chini sana. Haijui habari ya presha ya juu. Presha inaweza kupanda mpaka filta ipasuke na taa isiseme neno. Kujua kama presha iko juu, unafungua ile swichi ya presha iliyo kwenye injini, unafunga geji mahali pake, unawasha, unasoma namba. Sikio haliwezi kukupa hiyo namba, hata likiwa la mtu aliyefanya kazi miaka thelathini.

Na nikiwa hapo kwa taa: ikiwaka nyekundu ukiwa barabarani, simama mahali salama na uzime injini. Usijiambie utajikaza mpaka Kamukuywa. Injini bila presha ya oili ni chuma kinasaga chuma, na hapo kweli utanunua injini nyingine.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na hata mafundi wazuri hulifanya. Ndani ya injini kuna presha mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni presha ya oili yenyewe. Pampu inasukuma oili kupitia njia nyembamba ndani ya chuma, mpaka kwenye beringi za krankshafti na kule juu kwenye kamshafti. Ikishalainisha huko, oili inadondoka yenyewe kurudi chini kwenye sampu, bila kusukumwa na mtu. Kwa hivyo gasketi ya tapeti kava, sili za krankshafti na gasketi ya sampu hazipambani na presha ya pampu. Kazi yao ni kuzuia oili inayorukaruka na kutiririka. Sehemu unazoziona kwa nje ambazo zinabeba presha ya pampu ni chache, na kubwa kati ya hizo ni filta na ile swichi. Ndiyo maana presha ikiwa juu kweli kweli, filta ndiyo hulia kwanza: inavimba, ama raba yake inasukumwa nje.

Ya pili ni presha ya hewa. Kila petroli ikilipuka juu ya pistoni, gesi kidogo hupenya kando ya ringi na kuingia kule chini kwenye oili. Hata injini mpya hufanya hivyo. Hizo gesi lazima zitoke. Magari ya zamani yalikuwa na bomba tu linalozimwaga barabarani. Miaka ya 1960 mwanzoni, California huko Marekani, wakiwa wamechoka na moshi mjini, wakaanza kulazimisha gari ziwe na valvu ya kurudisha hizo gesi ndani zichomwe. Ndiyo hiyo mafundi wanaita PCV. Ni kitu kidogo, ukubwa wa kidole gumba, na kwa miaka huziba na uchafu wa oili, hasa kwa gari ambayo sevisi yake inaahirishwa kila mwezi. Ikiziba, gesi zinajaa ndani, injini inajaa upepo tumboni. Halafu zinatafuta mlango, na mlango dhaifu huwa ni sili ama gasketi iliyozeeka. Hapo ndipo oili hutoka.

Umeona tofauti? Mtu anasema "presha," na inaweza kuwa kweli kuna presha, lakini si ile anayofikiria. Moja inaweza kutaka valvu ya bei ya chakula cha mchana cha watu watatu. Nyingine wanakwambia ununue injini.

Sasa turudi kwa Probox. Khocha aliomba siku mbili za kufikiria. Lakini kabichi hazingoji mtu afikirie, kwa hivyo tukashuka Bungoma na lita mbili za oili nyuma ya kiti. Karibu na Kanduyi kuna dada mmoja anafanya kazi kwa gereji ya wenyewe. Amesomea chuo cha ufundi, ana sanduku lake la vifaa, na ndani ya hilo sanduku ana geji.

Kitu cha kwanza alichosema: "Papa, kupima ni 500. Nikishapima ndiyo tutaongea bei ya kazi."

Khocha karibu aondoe gari. "Mia tano ya kuangalia tu?" Nitarudi kwa hiyo sentensi, kwa sababu ndiyo ilinifanya niandike hii.

Akafunga geji injini ikiwa moto. Ikiwa imetulia bila kukanyagwa, ilisoma psi 18. Akakanyaga mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika, ikasoma 48. Kuna kipimo cha mkono ambacho mafundi hutumia dunia nzima: injini ikiwa moto, takriban psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Kitabu cha gari yako ndicho chenye neno la mwisho, lakini 48 kwa mizunguko 3,000 si ugonjwa. Ikipita 80 injini ikiwa moto, hapo una swali la kweli, na majibu yake yanajulikana: oili nzito kuliko inayotakiwa, valvu ya kupunguza presha imekwama, njia ya oili imeziba, ama kifaa cha kusoma presha kinadanganya.

Tulilala kwa watu wetu Bungoma. Asubuhi, gari ikiwa baridi kabisa, akapima tena: 74. Baada ya kupata moto, ikarudi pale pale pa jana. Hapo ndipo nilielewa kitu kuhusu kwetu. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma kama 1,400. Alfajiri ya Kitale unaijua, ile ya kuvaa jaketi mbili. Oili ikiwa baridi huwa nzito, na ikiwa nzito presha hupanda. Kwa hivyo hata yule fundi angekuwa na geji, akapima saa kumi na mbili asubuhi Kitale, na ile 20W-50 ndani, angepata namba ya kutisha na bado angekosea. Presha ya kuamua nayo hupimwa injini ikiwa moto.

Baadaye dada akafungua kifuniko cha kujazia oili, injini ikiwa inanguruma polepole, akafunika lile tundu na glavu ya plastiki. Kwa injini inayopumua vizuri, glavu hufyonzwa ndani kidogo. Yetu ilisimama kama inasalimia watu. Akachomoa valvu ya PCV, akaitikisa karibu na sikio la khocha. Ikiwa nzima husikika ikigongagonga. Hii ilikuwa kimya, imejaa uchafu mweusi.

"Papa, injini yako haijafa. Imekosa tu mahali pa kupumulia."

Bado ilibaki kujua oili inatokea wapi. Akaosha injini, akaikausha, akapaka poda ya mtoto sehemu alizoshuku. Tukaendesha mpaka karibu na Chwele na kurudi. Halafu akachukua tochi akaanza kuangalia kutoka juu kwenda chini, si kutoka chini kwenda juu. Hii ishike: mahali oili inadondokea si lazima pawe mahali inatokea. Oili inateremka, na upepo wa safari unaisukuma. Tuliona mstari mweusi kwenye poda ukianzia pembeni mwa gasketi ya tapeti kava, juu kabisa, unateremka mbele ya injini mpaka chini. Ukiangalia kutoka chini peke yake, ungeapa ni sili ya krankshafti.

Valvu mpya, gasketi ya tapeti kava, filta, lita nne za 5W-30 na kazi yake: 7,400. Wiki mbili baadaye khocha alikuwa anaweka kadibodi chini ya gari kila usiku, na kila asubuhi kadibodi ni safi. Binti aliripoti chuo.

Sasa najua mtaniambia nini. "Wewe ni mtoto wa simu, unawadharau mafundi waliofunzwa na maisha." Hapana. Wengi wa hao watu wana mikono ambayo mimi sitawahi kuwa nayo. Na kuna siku fundi anaposema injini imechoka, ni kweli. Ukibadilisha PCV na glavu bado inavimba, pengine ringi zimekwisha, na hapo unapima nguvu ya kila silinda, unapata namba, unaamua. Lipa kama ni kulipa. Lakini lipa namba, usilipe hisia.

Na pia tuseme ukweli kuhusu sisi wateja. Sisi ndio tumefunza mafundi kukisia. Fundi akisema kupima ni 500, tunasema, "Kwani huwezi kuona kwa macho?" Akifungua injini na kutoa vyuma vingi tunaona amefanya kazi. Akitumia saa moja kutafuta shida na kuipata ni valvu ndogo, tunaona ametuibia. Tunalipa jasho, hatutaki kulipa akili. Halafu tunashangaa kwamba gereji nzima haina geji hata moja. Aninunulie geji ya nini, kama hakuna mteja wa kuilipia? Khocha mwenyewe alikuwa tayari kutoa 80,000 kwa makisio, lakini 500 ya kupima ilimuuma. Huyo si khocha peke yake. Ni mimi, ni wewe, ni baba yako.

Wale wasee wanaosomea magari pale Kitale National Polytechnic, Sang'alo, Kisiwa ama Matili, nawaomba: geji iwe kati ya vifaa vyenu vya kwanza, kabla ya spika ya gereji. Na nyinyi mliofunzwa na jua kali bila cheti, mitihani ya NITA ya Gredi III mpaka I ipo kwa ajili ya watu kama nyinyi. Mafundi watano wakifanya chama kidogo, geji moja inazunguka kwa wote.

Kitu kingine: gari kuvuja si aibu, wala si kifo. Kenya inaruhusu gari za mtumba zisizozidi miaka 8, kwa hivyo nyingi zinafika kwetu zikiwa na miaka kadhaa mgongoni, halafu tunaziendesha kumi mingine. Raba ya sili hukauka kwa joto na umri. Ni kama kandambili. Kinachoua gari ni kupuuza, ama kumwaga oili nzito ndani ili doa lipungue mpaka uiuze. Kufanya hivyo ni kumpunja mwenzako kwa tabasamu. Na hayo matone hayapotei. Mvua yetu ya huku inayasukuma kwa mitaro, mitaro inaingia mito, mito inaingia Nzoia, na Nzoia inapita kwa watu wengi kabla haijafika Ziwa Victoria.

Kwa hivyo ukienda gereji wiki hii, kwa gari yako, ya mzee, ama ya mtu umeazima na unaogopa kumwambia, beba maswali matatu tu.

Umepima? Ilikuwa ngapi, na injini ilikuwa moto ama baridi?

Nionyeshe oili inatokea wapi. Usiniambie, nionyeshe.

Umeangalia PCV kabla ya kuniambia nifungue injini?

Akijibu yote matatu, mlipe, na umlipe vizuri, hata kama kazi imechukua dakika kumi. Akikasirika, funga boneti, sema asante fundi, ondoka na 80,000 zako.

Niambieni hapo chini: fundi wako wa mwisho alipima ama alikisia? Na kama ulikataa kulipia kupima, pia sema. Hapa hatuchekani, wote tumefanya.